Kaburi Lenye Jina Langu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Rangwe, Kaunti ya Homa Bay
Tarehe: 16 Juni 2025

Jina: Byron Opondo Ndiege
Umri: Miaka 41
Kazi: Broka wa ng'ombe, soko la Ogwedhi
Makazi: Rangwe

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Niko hai. Nimeomba jambo hilo liandikwe mwanzo kabisa kwa sababu wako watu hapa Rangwe ambao bado wanalijadili. Natoa maelezo haya ili mahakama iruhusu kaburi lililo bomani kwetu, lenye msalaba wa jina langu, lifukuliwe, na Mellen Gesare apewe mume wake akamzike kwao.

Mnamo tarehe 5 Mei 2025 niliondoka nyumbani kwenda Ogwedhi kununua ng'ombe. Asubuhi hiyo nilikuwa nimegombana na ndugu yangu Elkanah juu ya mpaka wa shamba, kwa hiyo sikumuaga. Kesho yake fahali aliikanyaga simu yangu. Nilimtuma dereva wa lori ampelekee mke wangu Dorine salamu, na salamu hazikufika, nami nikidhani zimefika.

Dorine akaingiwa na wasiwasi. Elkanah, badala ya kupanda gari aje Ogwedhi, ambako hata mbwa wa sokoni wananijua, aliuliza kwenye kundi la simu linaloitwa Uliza Rangwe. Kundi hilo lina watu zaidi ya elfu nne. Sitalionea. Mwaka jana lilimpata shangazi yetu aliyepotea akitoka kanisani, na mimi mwenyewe niliwahi kuulizia daktari wa mifugo nikaelekezwa kwa mzuri kabla chai yangu haijapoa. Lakini tangu siku ya shangazi watu waliamini kundi linajua kila kitu. Humo hakuna anayeandika "sijui". Uliza njia ya kwenda mbinguni, mtu atakutumia ramani.

Wiki hiyo mwili wa mwanamume ulikuwa umeopolewa ziwani upande wa kisiwa cha Remba. Ulikuwa umevimba. Mtu akaweka picha ya mwili huo chini ya swali la Elkanah. Wa kwanza aliandika, "Kama si yeye basi ni pacha wake." Sina pacha. Wa pili aliandika, "Ni yeye kabisa, ona paji la uso." Wa tatu alisema aliniona kwa macho yake nikipanda boti. Mimi naogopa maji na sijapanda boti tangu nizaliwe. Waliofuata walikuwa wanaunga mkono waliotangulia, na ilipofika jioni nilikuwa nimekufa.

Dorine ameniambia kwamba aliomba kwenda mochari aangalie mguu wa kushoto, ambako nina kovu la jembe. Elkanah alimjibu, "Shemeji, watu mia tatu wamesema ni yeye. Wewe peke yako ndio unabisha?" Wazee wa boma letu nao wakasema aliyekufa maji hafunuliwi mbele ya mjane. Mke wangu akanyamazishwa na watu ambao hawajawahi kuniona nikivua viatu.

Elkanah alikwenda mochari na kutia sahihi. Nilipomuuliza baadaye alihakikisha vipi, aliniambia alisimama pale na simu mkononi, akalinganisha maiti na ile picha iliyotumwa kwenye kundi. Akaona vinafanana. Namwomba afisa aandike hivyo hivyo: ndugu yangu alilinganisha maiti na picha ya maiti hiyo hiyo, na akaridhika.

Tarehe 17 Mei walimzika. Jeneza halikupitishwa langoni, walitoboa ua kama inavyofanywa kwetu kwa aliyefia nje.

Tarehe 20 Mei, nikiwa sokoni Ogwedhi, rafiki yangu Gisiri, Mkuria tunayefanya naye biashara, alinishika mkono akaubonyeza mara kadhaa. Kisha akanionyesha simu yake. Niliona uso wangu umezungushiwa mishumaa. Mmoja aliandika kwamba tulisoma darasa moja, na simjui. Mwingine aliandika nilikuwa mtu wa watu. Mimi si mtu wa watu, waulize Ogwedhi nzima.

Gisiri alinikopesha simu yake. Nikaandika kwenye kundi, "Mimi Byron Ndiege ni mzima, niko Ogwedhi." Wakanitukana. Msimamizi wa kundi akatufukuza mimi na Gisiri kwa kosa la kumchezea marehemu.

Nilifika nyumbani siku hiyo hiyo saa kumi jioni. Wanawake walikimbia. Nilizuiwa nje ya lango mpaka wazee walipomaliza mambo yao ya mila. Mama yangu mpaka leo haniangalii usoni akinipa chakula. Hilo linaniuma kuliko yote, na siwezi kumlaumu, kwa sababu alinilia kwa moyo wake wote.

Elkanah hakuomba radhi. Alisema, "Lakini bro, kila mtu alisema ni wewe."

Sasa naeleza kuhusu Mellen Gesare. Mume wake Monari alikuwa akinunua dagaa wa omena Remba. Tarehe 12 Mei, kabla ya mazishi, Mellen aliweka picha ya Monari kwenye kundi hilo hilo akauliza kama kuna aliyemwona. Aliuliza pia kama ule mwili wa Remba unaweza kuwa ni wake. Ujumbe huo nimeuona kwa macho yangu kwenye simu ya Mellen. Alijibiwa na mtu mmoja tu, ndugu yangu Elkanah: "Pole dada, huyo ni wetu, tumeshamtambua. Tafuta wako kwingine." Watu hamsini na zaidi wakaweka dole gumba.

Mellen alitii. Alikwenda kutafuta kwingine, Mbita, Muhuru, Migori, hospitali moja baada ya nyingine, akiwa na mtoto mgongoni, wakati mume wake yuko kwetu.

Tarehe 9 Juni, baada ya kusikia kwamba Byron wa Rangwe amerudi, alikuja bomani. Tulizungumza Kiswahili, maana yeye ni Mkisii na mimi Mjaluo. Wazee wakamwambia kaburi halifunguliwi, likibaki tupu litadai mtu mwingine. Wanaogopa kaburi tupu. Kuweka ndani mtu asiye wao hawakuogopa. Mimi niliwaambia jina ni langu na nimekubali lifunguliwe, na kama litadai mtu, linajua ninapolala.

Mellen alikaa chini kando ya kaburi. Hakulia. Aliniuliza walimvalisha nini. Nikamwambia koti langu la harusi. Akauliza, "Lilimtosha? Monari alikuwa mtu mkubwa." Mimi sikuwepo, nikamwita Elkanah ajibu. Elkanah akasema lilikataa mabegani, kwa hiyo walilipasua mgongoni kwa wembe ndipo likaingia. Alisema hivyo mbele ya mjane kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi nzuri.

Mimi ni mwembamba, afisa ananiona. Koti lilimwambia ndugu yangu akiwa amelishika kwa mikono yake miwili kwamba huyu si Byron. Akachukua wembe.

Mellen aliinama akashika udongo. Akasema, "Kwa hiyo mgongo wake uko wazi."

Hayo ndiyo ninayoyajua, na nimeyasema kwa mdomo wangu nikiwa hai. Nimesomewa, ni sawa.

Sahihi: B. O. Ndiege

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, Konstebo Beverlyne Bonareri, kwa Kiswahili, lugha aliyochagua shahidi. Nilimshauri apunguze ukali dhidi ya ndugu yake, akakataa. Ombi la kufukua mwili linapelekwa mahakamani leo. Mellen Gesare ameambiwa aende nyumbani atapigiwa simu. Amesema atangoja hapa.