Kurasa Kumi na Sita

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo kabati la mkuu limefunguliwa! Miaka sita niko Misima, sijawahi kuona mlango ule uko wazi. Mwalimu Mustapha, mkuu wetu, husema vile vitabu vya Kiingereza ni vya wageni – wathibiti ubora, wale wakaguzi, wakija wavikute safi. Sasa kasikia wanakuja mwezi huu na watawauliza watoto wenyewe. Basi vimegawiwa. Kidato cha Pili, kila mmoja na chake. Darasa zima linanuka karatasi mpya.

Mimi nina nakala yangu ya kitabu hicho hicho, tangu 2009 nilipoanza kazi Ngombezi. Ilikuwa moja tu, shule nzima. Nilipohama nikahama nayo. Jalada nimelishona kwa uzi wa mkonge. Ukurasa wa 40 unafuatwa na wa 57. Niliikuta hivyo.

Nimefungua kile kipya, ukurasa wa 41, nikiwa nimesimama pale ofisini. Ikabidi nikae.

Ngoja niandike vizuri, labda nitaelewa. Hadithi ya Mama Tatu. Wametoka kumzika mumewe. Binti analia. Mama anavuta sanduku la marehemu kutoka uvunguni, anafungua kifuniko na – ukurasa umekwisha. Kwenye kitabu changu, yaani. Na miaka kumi na sita mimi nafundisha kwamba ndani mlikuwa na kisu cha kukatia mkonge, na barua. Baba kamwandikia bintiye: kisu hiki usikirithi, wewe soma. Niliitunga mwaka wa kwanza kwa sababu darasa lilikuwa linaningoja, chaki mkononi. Mwaka wa pili nikairudia. Kuna mwaka waliiigiza siku ya wazazi, akina mama wakalia.

Kumbe marehemu alikuwa dresa wa zahanati! Sandukuni mna bandeji, pamba, mkasi na dawa ya kidonda. Binti analia kwa sababu kachomwa na mwiba. Chini kuna zoezi: taja vifaa vitano vya huduma ya kwanza.

Mwiba!

Jumanne, 5 Agosti

Nimejaribu kufundisha ilivyo kitabuni. Nimeshindwa kwenda mbali. Angel wa dawati la mbele alikuwa anafunua mbele, nyuma, mbele, nyuma. Nikamuuliza anatafuta nini. Anatafuta barua. Nikasema soma kilichopo. Akasoma, vizuri tu, bandeji zote. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba kitabu kimekosewa.

Wenzake wakamuunga mkono! Watoto arobaini na wawili wana vitabu mkononi kwa mara ya kwanza, na wanavisahihisha kwa maneno yangu.

Nilikuwa naililia siku hii. Kila kikao nasimama: tupeni vitabu, nimechoka kunakili ubaoni, mtoto atajuaje Kiingereza bila kukiona kimechapwa? Sasa vipo, na natamani virudi kabatini. Sijielewi.

Alhamisi, 7 Agosti

Matokeo ya ujirani mwema yametoka. Mtihani ule wa pamoja wa mwezi uliopita, shule za huku Handeni na za Korogwe, tunabadilishana karatasi za kusahihisha. Huwa hawagusi hadithi hii. Mwaka huu wameigusa. Swali la tano, alama kumi: Mama Tatu alikuta nini sandukuni?

Darasa langu lote: kisu na barua. Sifuri, sifuri, sifuri. Msahihishaji kaandika pembeni kwa wino mwekundu – wametoa wapi?

Mustapha anauliza ni kitu gani kimewapata watoto. Nimesema nitafuatilia. Nitafuatilia! Kama vile ni mtu mwingine.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Hakuna shule. Nimepalilia mihogo mpaka kiuno kinagoma. Sikuwaza kitu. Uongo, nimewaza.

Jumamosi, 9 Agosti

Hajira kapiga simu. Nilimfundisha Ngombezi, Kidato cha Pili 2013, binti wa kambi ya mkonge kama mimi. Sasa anafundisha Kwashemshi, mwalimu wa kujitolea, anasubiri ajira mwaka wa tatu huu.

Shikamoo madam, marahaba mwanangu, halafu akaanza kulia. Darasa lake nalo limepata sifuri swali la tano. Shule imeshika mkia. Mkuu wake anataka kumwondoa, eti anafundisha vitu vya kichwani.

Nikamuuliza anafundishia kitabu gani. Hana kitabu, hajawahi kuwa nacho. Ana daftari lake la Kidato cha Pili. Lile alilonakili kutoka ubaoni kwangu. Miaka mitatu watoto wa Kwashemshi wananakili daftari la Hajira, naye alininakili mimi.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie. Akanitangulia: kaandika barua ya kupinga matokeo. Kasema lazima toleo jipya ndilo limechapwa vibaya, na shahidi wake ni madam Stefania, aliyemfundisha kwa kitabu cha zamani. Mwalimu Hiza, mratibu wa mtihani, kaitisha kikao Ijumaa, Korogwe.

Nikasema nitakuja.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kwa Mustapha nimweleze yote. Nimerudi nimeomba ruhusa ya Ijumaa tu. Kanisifu kwamba natetea watoto.

Swali linalonisumbua: kwa nini sikuazima? Miaka kumi na sita! Shule za mjini wanazo nakala nzima. Ningeazima hata kwa siku moja, ninakili zile kurasa. Sikutaka kujua? Au niliamini kweli kwamba nilishawahi kuisoma mahali? Kuna siku naiona ile barua, imechapwa, upande wa kushoto, juu ya picha. Naiona kabisa.

Jumatano, 13 Agosti

Baba alikata mkonge Ngombezi tangu ujana mpaka mgongo ukakataa. Hakujua kusoma. Alikufa nikiwa Kidato cha Tatu, tukafungua sanduku lake: koti, kadi ya kliniki, kisu. Nilitafuta mpaka kwenye mifuko ya koti. Sijui nilikuwa natafuta nini, mtu asiyejua kuandika ataacha nini?

Basi nikamwandikia mimi. Ubaoni. Kwa Kiingereza ambacho asingekielewa.

Najisikia aibu, na namkumbuka sana leo.

Ijumaa, 15 Agosti

Korogwe. Mapumziko ya chai, naandika nikiwa kwenye kiti changu ukumbini. Wenzangu wako nje na maandazi.

Hiza si mtu mbaya. Kaeleza kwa utulivu: kama toleo la zamani lilikuwa tofauti, swali la tano linafutwa, watoto wote wanarudishiwa alama, na mwalimu Hajira hana kosa. Kama halikuwa tofauti, basi mwalimu katunga, na mkuu wake ataamua. Mkuu mwenyewe yuko pale mbele, kakunja mikono. Ushahidi wangu baada ya chai. Kaniuliza kama nimekuja na kitabu cha zamani. Nimesema ndiyo, kiko kwenye mkoba.

Ndipo nikaliona jambo ambalo sikuwa nimeliona wiki nzima. Kurasa hazipo! Nikisema zilichanika na barua ilikuwemo, nani atabisha? Hajira atapona. Watoto watapona. Mimi nitapona. Na hadithi ya uongo itakuwa na mhuri wa kikao. Nikisema kweli, Hajira ataulizwa kwa nini hakuwa na kitabu, kana kwamba alikataa kupewa. Au wataniuliza mimi peke yangu? Sijui. Sijui kabisa lipi ni lipi.

Hajira kaja kukaa kando yangu. Kaniletea andazi kwenye karatasi. Kalifungua daftari lake, lina jalada la gazeti, limelegea kama kitambaa. Mwaka ule baba yake alishamtafutia nafasi ya kukata mkonge, anasema. Hajira akamsomea mzee barua hii, akimtafsiria mstari kwa mstari. Kesho yake mzee akamwambia rudi shule. Sikuwahi kujua.

Kisha kaniuliza, madam, huwa inasomekaje kitabuni, mimi niliinakili sawasawa?

Wanaingia. Viti vinaburutwa. Hiza kanyoosha mkono kuomba kitabu. Hajira ananitazama, kidole chake kiko kwenye mstari wa kwanza wa barua. Nasimama, nafungua mkoba na – ukurasa umekwisha.