Mwenye Nyumba ya Bi Irma

Mtaa wa Wafumaji, Gent
Jumapili, baada ya misa

Mpwa wangu Wannes,

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Antwerp, wewe na mkeo na kichanga chenu. Mimi mjomba wako sijambo. Goti linanisumbua kidogo, lakini daktari aliposikiliza moyo wangu alimwita mwenzake aje asikie, akidhani ni wa kijana wa miaka ishirini. Njiwa wangu wa mashindano nao wazima. Yule wa kijivu ameshinda tena mbio za kutoka Ufaransa. Amerudi upesi hivi kwamba wasimamizi walinituhumu kwamba sikumpeleka huko.

Uliniuliza kwa simu habari za mtaa, nikakwepa. Mtaa umekwisha, mpwa. Mlango uliokuwa na kengele moja sasa una nane, kila chumba na mwanafunzi wake. Bucha la Cyriel limekuwa duka la kahawa, na kwa bei ya kikombe kimoja ungepata kilo ya soseji. Mtoto wa kurusha mpira hayupo hata wa dawa. Wanafunzi wa chuo wenyewe si wabaya, wananisalimia, lakini Ijumaa wanaburuta masanduku kwenda kufuliwa nguo na mama zao, na Jumamosi ukikohoa unaitikiwa na kuta. Kodi wanalipiwa na baba zao, wenye kazi nono. Mfumaji mstaafu ashindane nao kwa kitu gani?

Sasa zamu imemfikia Bi Irma, yule aliyekulea wakati marehemu mama yako akiwa kiwandani. Mwenye nyumba wake wa zamani alikufa, nyumba ikauzwa. Mwenye nyumba mpya hajaonyesha uso, ametuma wakili tu: bibi atoke kabla chuo hakijafunguliwa, nyumba ikatwe vyumba vya wanafunzi. Miaka themanini na moja, aende wapi? Nilimwambia asifungashe hata kijiko. Nikaenda kwa wakili nikapiga meza hadi kalamu zikaruka. Yule bwana akaniambia nipige taratibu, meza yenyewe ni ya kukodi.

Baani kwa Odiel wakanicheka mpaka machozi. Gaston akasema, "We Firmin si ulimfukuza dubu kwa ufagio? Leo kijana wa tai amekushinda?" Nikawaapia kwamba mwenye nyumba huyo nitamjua hata akijificha uvunguni mwa shetani.

Nimemjua.

Jumanne walikuja mafundi kupima, Bi Irma akiwa kliniki. Mmoja akauendea mlango wa nyuma, ule unaokwama. Akaunyanyua kwa kitasa, akausukuma chini kwa goti, ukafunguka kimya. Nikamuuliza kafundishwa na nani. Akasema tajiri wao ndiye aliyewaelekeza kwa simu, maana ukiulazimisha unavunjika. Wannes, mimi ni jirani wa siku nyingi na mlango ule haujapata kunifungukia. Wanaoujua ni Bi Irma, na dada yangu aliye kaburini, na mtoto aliyekuwa akitoka shule na njaa yake, akiukimbilia kwa ajili ya supu.

Usiniandikie maneno ya benki, ya mikopo na faida. Sitayaelewa, na nikiyaelewa itakuwa vibaya zaidi.

Jioni ile baani waliniuliza. Nikasema ndiyo, nimempata: ni tajiri wa Brussels, tumbo kama pipa, meno ya dhahabu, mbwa wake anakula nyama ya ndama. Miaka yote waliyonijua hawajapata kuniamini, siku hiyo wakaamini. Sasa kila jioni wanamlaani, yeye na uzao wake. Bi Irma naye analaani, kisha ananiambia nikuandikie wewe, msomi wetu, utajua la kufanya. Nami nainua bilauri nalaani pamoja nao, na bia inakuwa chungu.

Uongo wangu wote nimeusema kwa raha, isipokuwa huu. Nitaubeba mpaka sherehe ya mtaa, mwezi ujao. Njoo kabla ya hapo umwambie Bi Irma abaki, na tajiri wa Brussels atakuwa amekufa ghafla, mazishi yake nitayasimulia mwenyewe. Usipokuja, nitawaambia jina.

Msalimie mkeo, umbusu mtoto. Odiel na Gaston wanakusalimu. Bi Irma anakusalimu kuliko wote, na anauliza: akihamishwa, ule ufunguo wa akiba anaokuwekea tangu utotoni auache kwa nani?

Ni mimi mjomba wako,
Firmin