Mfungo wa Rebeka

Jumatatu, 3 Machi

Uji saa moja. Dawa ya shinikizo la damu. Kisha meza, miwani, kalamu nyekundu. Nimefika ukurasa wa tisa wa kijitabu cha historia ya timu. Tarehe ishirini na mbili chuo kitazindua ukumbi mpya wa mpira wa kikapu, na kamati imenitaka nikisahihishe kwa kuwa nilikuwa kocha wa kwanza. Kiingereza chake ni kibovu. Koma zimemwagwa kama mtama wa kuku. Hilo si tatizo.

Tatizo ni ukurasa wa tisa wenyewe. Kichwa chake: Rebeka, Binti Aliyefunga. Pana picha ya timu ya kwanza ya wanawake, na uso wake umezungushiwa duara. Picha hiyo inachorwa ukutani, ndani ya ukumbi, kimo cha mtu. Chini yake wataandika jina. Ukumbi wenyewe utaitwa kwa jina langu.

Hapakuwa na Rebeka. Alikuwapo Rehema, Mwislamu wa Nalufenya, Jinja. Jina la Rebeka nilimpa mimi.

Jumatano, 5 Machi

Niandike yote, kwa mpangilio. Nyumbani hakuna mwingine asomaye Kiswahili. Mke wangu Tabita hukiita lugha ya bunduki, kwa kuwa huku alikisikia kwa askari.

Nilikuwa ofisa wa magereza Jinja, msimamizi wa michezo. Nyuma ya nyumba za askari palikuwa na uwanja wa saruji. Rehema alikuja pale kucheza na wake za askari. Mrefu, mkimya, mwenye kutumia mkono wa kushoto. Nilipostaafu, chuo cha Kikristo hapa Mbale kikaniita. Chuo kidogo. Uwanja wa udongo. Pete za vikapu alituchomelea fundi mmoja wa eneo la viwanda, kwa mabomba ya maji yaliyotupwa. Mvua ikinyesha tulifagia matope kwanza, ndipo tukacheza.

Nilimtafutia Rehema nafasi ya masomo, akapata. Darasani Waislamu walipokelewa. Kwenye timu, la. Kanuni ilitaka kila mchezaji awe muumini wa kanisa, na orodha ilisomwa ibadani kila Jumapili. Nikaandika Rebeka. Sikumwuliza. Nilimwonyesha fomu ikiwa imekwisha kupigwa muhuri. Aliitazama, akaenda kuvaa viatu.

Wenzake walijua. Hawakusema. Walitaka kushinda. Mimi nilitaka zaidi yao.

Alhamisi, 6 Machi

Fainali. Ilichezwa Jinja, saa kumi alasiri, katika mwezi wa Ramadhani. Timu ilikuwa na desturi: baada ya sala, chupa moja ya maji huzungushwa, na kila mchezaji hunywa funda moja. Rehema aliipokea chupa, akampa wa pili bila kunywa. Mchungaji Gidioni, mchungaji wa chuo, akaona. Akaniuliza kulikoni. Nikamjibu kwamba Rebeka yuko katika mfungo wa siku tatu, analiombea kombe. Uongo mtupu. Ulinitoka bila kukwama.

Tulishinda kwa pointi moja. Mitupo miwili ya mwisho ilikuwa yake. Midomo imepasuka, na mpira ukaingia mara zote mbili bila kugusa pete.

Nilikuwa nimemwahidi tende na maji jua likizama. Nilikuwa navyo mfukoni. Lakini Mchungaji aliipigisha timu magoti katikati ya uwanja, akamweka yeye mbele, kombe mikononi, akaomba kwa muda mrefu. Adhana ya magharibi ikasikika. Rehema akageuza kichwa, akanitazama. Nikafumba macho kama mtu anayesali.

Tangu mwaka ule, kabla ya kila msimu, wachezaji wa chuo hufunga siku tatu. Huita Mfungo wa Rebeka. Wameshinda mpaka kabati la vikombe limejaa, likanunuliwa la pili. Wafadhili husimuliwa kisa hiki, nao hulia. Mimi pia nimekisimulia. Mara nyingi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda Nalufenya. Rehema ana duka la sare za shule, cherehani mbili mlangoni. Hatukuwa tumeonana tangu alipohitimu. Amenenepa kidogo. Aliniagizia chai na chapati kwa jirani, yeye akakaa bila kitu, kwa maana ni Ramadhani. Nilikunywa chai ile mbele yake. Kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Kunywa nako kulikuwa utovu wa adabu.

Nikamweleza habari za kijitabu, za ukuta, za mfungo. Ya mfungo hakuwa ameyasikia. Alicheka mpaka akaishika meza.

"Na huyo Rebeka mwenyewe hajambo? Ameolewa?"

Nikaweka kikombe chini.

"Afande, watoto wa walokole wanafunga Ramadhani yangu? Na Idi pia wanakula?"

Kicheko kikakatika ghafla. Akaanza kukunja sare iliyokuwa imekwisha kukunjwa.

"Jina ile ulinipa bila kuniuliza. Leo ndiyo unakuja kuniuliza?"

Nikasema ndiyo.

"Basi toa hiyo jina. Sijasema weka yangu. Lakini watoto wangu wakifika huko, wasikute mama yao amebatizwa kwa ukuta."

Upatanisho wa ngeli haukuwa sawa. Sikumsahihisha. Nilitoa ahadi. Hakuonyesha kuiamini, na sikuona sababu ya yeye kuiamini.

Jumanne, 11 Machi

Mchungaji Gidioni, nyumbani kwake Nabuyonga. Amestaafu kama mimi, lakini bado yeye ndiye anayesikilizwa chuoni. Zamani alihudumu katika jeshi la polisi. Kiswahili chake ni cha kambini, naye hajali. Nilimwambia kwamba Rebeka alikuwa Mwislamu na kwamba nilimdanganya.

"Mimi najua," alisema. "Najua tangu siku ya fainali. Mama yake alikuja uwanja na hijabu. Ulifikiri mimi kipofu?"

Nikamwuliza kwa nini basi aliomba vile, kwa muda ule, adhana inasikika.

"Na wewe kwa nini ulifunga macho?"

Akanimiminia soda.

"Afande, hiyo mfungo imesaidia vijana wengi. Jina yako iko juu ya mlango. Siku hiyo kaa mbele, kula keki, nyamaza."

Namchukia. Namchukia kwa sababu alilosema ndilo nililofanya miaka yote hii bila kuambiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Kamati. Katibu ni binti mwenye heshima nyingi. Nilieleza kwa ukamilifu. Nilisema fomu ile niliijaza kwa mkono wangu. Akaandika, akaitikia kwa kichwa. "Tumekuelewa, mzee." Jioni alinitumia nakala ya mwisho ya kijitabu. Koma zangu zote zimekubaliwa. Ukurasa wa tisa haukuguswa.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada nilipita ukumbini. Herufi za jina langu zimekwisha kupachikwa juu ya mlango. Za shaba, za kunyooka, bila kosa. Nilisimama chini yake nikafurahi. Niandike hivyo kwa kuwa ni kweli. Baba yangu alichunga ng'ombe wa watu wengine maisha yake yote. Hakuna mahali palipoandikwa jina lake, hata kaburini.

Nikaingia ndani. Mchoraji amempa Rehema msalaba shingoni. Katika picha ya asili haupo.

Jumatano, 19 Machi

Tabita ameuliza mbona sili. Nikamwambia. Alisikiliza akichambua mchele. Akasema nikinyamaza nitakufa na heshima, nikisema nitakufa na haya, na kwamba kwa umri wangu tofauti ni ya siku chache tu. Hakusema nichague lipi. Bado nina hasira naye kidogo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimesema.

Hema, brasbendi, wafadhili, kwaya. Wachezaji wa leo wakiwa wamevaa jezi mpya, warefu, afya tele. Niliitwa kukata utepe na kutoa neno la shukrani. Nilikuwa nimeandika sentensi tatu, nikazisoma kwa Kiingereza ili asibaki wa kudai hakuelewa. Kwamba msichana wa ukutani haitwi Rebeka, bali Rehema, naye ni Mwislamu. Kwamba mfungo ule ulikuwa wa Ramadhani, na habari za kuliombea kombe nilizitunga mimi. Kwamba alitaka kunywa maji jua lilipozama, nasi tukamnyima.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Katika safu ya pili bwana mmoja alimwuliza jirani yake kama kombe litarudishwa. Mchungaji Gidioni akachukua kipaza sauti, akamshukuru Mungu ambaye hutumia hata watu wa mataifa, akaanzisha wimbo. Watu wakasimama kuimba. Utepe aliukata yeye.

Keki sikula.

Jumatatu, 24 Machi

Barua imeletwa na mhudumu wa ofisi kabla ya saa nne. Ukumbi utaitwa Ukumbi wa Shukrani. Vijitabu vimerudishwa vyote. Picha ya ukutani inafutwa. Kwa kuwa kikosi cha kwanza kilisajiliwa kinyume cha kanuni, historia ya timu sasa itaanzia kombe la pili. Mfungo utaendelea. Utaitwa Mfungo wa Danieli.

Nikaenda kutazama. Fundi wa rangi alikuwa amekwisha kuupaka ukuta mara moja, nyuso bado zinaonekana. Alikuwa anaurudia.

Alasiri akapiga simu Loi. Alikuwa nahodha wa kikosi kile. Sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi.

"Afande, sisi wengine tulikosa nini?"

Nikamwambia hawakukosa kitu.

"Mama yangu alikodi gari kuja kuona uso wangu kwa ule ukuta. Umemtoa mmoja, umetutoa wote." Akakata.

Ni kweli. Wanawake kumi na mmoja waliofagia matope. Sikuwafikiria hata mara moja. Nilikuwa nashughulika na dhamiri yangu.

Jumatano, 26 Machi

Nimempigia Rehema. Nimempa taarifa: jina la Rebeka halipo tena. Picha haipo. Timu ya kwanza haipo. Cherehani ilikuwa inalia nyuma yake.

"Umesema mbele ya watu?"

Nikasema ndiyo.

"Umesema mimi nani?"

Nikamjibu: Rehema.

"Rehema nani?"

Nilikaa na simu sikioni. Nimemfahamu tangu akiwa msichana. Nilimtafutia nafasi ya masomo. Baba yake nilimjua kwa jina la utani aliloitwa dukani kwake. Fomu za timu nilizijaza mwenyewe miaka mitatu, na katika nafasi ya jina la pili niliandika nililotaka.

"Hata sasa hujui," alisema. Hakusema kwa ukali. Akaniaga vizuri, akamtakia Tabita afya.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Kutoka msikiti wa mjini takbira imesikika mpaka kwetu. Sikwenda kanisani. Nilimtumia Rehema salamu za sikukuu. Nikaandika pia: Naomba jina lako kamili. Nikaona sentensi ile haina heshima ya kutosha, lakini ilikuwa imekwisha kwenda.

Hakujibu.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua ya asubuhi. Tabita amepanda maharagwe. Nimeshona kifungo cha shati.

Saa tano ujumbe wa Rehema umeingia. Hakuna salamu, hakuna neno la kwanza wala la mwisho, ila jina. Nimelisoma kwa sauti, polepole, mpaka nikahakikisha silikosei. Chuo hawalihitaji. Loi na wenzake halitawarudisha ukutani. Nalinakili hapa kwa sababu ndipo mahali nilipo na mamlaka ya kuandika.

Rehema Namukose binti Sulaimani Balikoowa.