Tumbo ya Yaya Sylvestre

Trésor, mujukuu wangu, bwana yangu mudogo,

Huku Lubumbashi tuko bazima, mama yako anakusalimia. Lakini barua yako ya kule ku mine ya Kinsevere ilinishitusha! Eti muntu akikula muzuri, pombe haiwezi kumufanya kitu?

Wakati nilikuwa musichana, yaya wangu Sylvestre, kaka yangu mukubwa, alikuwa anakunywa lutuku, ile pombe kali ya mahindi, kila siku. Mama akasema: "Akule tu sana." Bukari, mayai, nyama ya mafuta, byote kwake. Tumbo ikakuwa kubwa, bajirani bakatupongeza: "Huyu, banamulisha!" Mama kwa furaha akapeleka patalo yake kwa tailleur, bapanue kiuno.

Kisha macho ikakuwa manjano. Ku hôpital, munganga akatia kampira mu ile tumbo. Mayi ikatoka. Bassin ikajaa, bakaleta ingine. Mungu wangu, tumbo ikashuka mbele yetu!

"Foie, ini yake, imekufa juu ya lutuku," munganga akasema. "Chakula inaingia, lakini mwili haiwezi tena kuitumia."

Mama akamupapasa. Akapata mbavu tu.

"Na byote nilipikaka," akauliza, "bilienda wapi?"

Trésor, mama yako naye anajua kupika.

Nkambo wako,
Joséphine