Chapati ya Mfukoni

Waithaka,
9 Agosti 2006

Wifi Hannah,

Unga wa mchele uliotutumia kutoka Amerika umefika. Huku baridi imekaza, na ng'ombe wa jirani amezaa.

Miezi minane nimefuata ile orodha yako: Waithera asiguse ngano wala maziwa, eti usonji wake utapungua. Mtoto akawa anasukuma sahani kando, akakonda. Lakini kaka yako Kibe alikuandikia kwamba binti yetu anabadilika, kwamba jioni anamngoja langoni na kumtazama usoni. Ni kweli, nilimwona kwa macho yangu. Mimi hakuwa amenitazama hata mara moja.

Jumamosi nikifua koti la Kibe nilipata gazeti mfukoni, limelowa mafuta, ndani yake kipande cha chapati. Nilipomuuliza hakubisha. Kila siku akitoka kazini mjini hununua chapati moja, akampa mtoto pale langoni kabla hawajaingia. Alisema ameshindwa kuvumilia kumwona akilala njaa.

Basi hiyo ndiyo lishe unayoisifu kanisani kwenu.

Orodha nimeibandua ukutani. Usinitumie nyingine, na kaka yako usimgombeze. Nigombeze mimi, nimezoea.

Jana nilikanda unga wa ngano mwenyewe. Jioni Waithera hakwenda langoni. Alikuja jikoni, akasimama kando yangu, akanitazama usoni mpaka chapati ikaiva.

Ni mimi, mama yake,
Waringa