Fomu Niliyomjazia Mama

Nyumba za Wafanyakazi wa Maabara,
Chumba Namba 14,
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Watoto hawajambo? Na shemeji je, bado anagombana na ile redio yake? Mimi mwili ni mzima. Uso ndio sina pa kuuweka.

Najua hupokei simu zangu tangu kaka alipokuja kumchukua mama kwako. Una haki. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu nikakujibu kwa kiburi kwamba hutaelewa. Leo nakueleza. Tuna tumbo la kioo: chupa nene iliyozamishwa kwenye maji yenye joto la mwili, mirija ya kuingizia tindikali na nyongo, na mashine inayoiminya taratibu. Tunalilisha chakula, kisha tunachuja tuone kilichosagika na kilichobaki. Ila matumbo ya watu hayafanani. La kijana ni kali, la mtoto mchanga bado halijakomaa, la mzee limepoa na linakwenda polepole. Kwa hiyo kabla ya kuwasha tunajaza fomu ya mlaji, yaani umri wake, meno yake na dawa anazotumia, na mashine inafuata fomu.

Uliponiambia mama hawezi tena nyama wala maharagwe, kwamba vinamvimbisha na kutoka vilevile, na kwamba umeanza kumsagia, mimi nilitazama picha yake alivyokonda nikajitia ujuaji. Nilichemsha nyama na maharagwe jikoni kwangu, nikavipeleka kazini, nikamjazia mama fomu. Baada ya saa nne ilibaki rojo tupu. Nikapiga picha nikaitupa kwenye kundi la simu la familia na maneno haya: "Sayansi imesema. Tumbo la mama ni zima, ananyimwa chakula." Wote wakaona, hadi shangazi. Jumapili yake kaka akaja na gari, akamwondoa mama mbele ya majirani zako.

Wiki iliyopita msimamizi wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alikuwa anakagua fomu za nyuma. Akaniita. "Huyu mlaji wako ni nani? Miaka arobaini na nane, meno thelathini na mawili, dawa hakuna."

Nikamjibu ni mama yangu. Akatazama mvi zangu. "Yeye ana arobaini na nane, na wewe una mingapi?"

Nina arobaini na sita, dada. Mama ana sabini na tano. Arobaini na nane ndiyo aliyokuwa nayo siku niliyoondoka nyumbani. Sikukusudia kudanganya. Mkono uliandika wenyewe, kwa sababu mama ninayemjua mimi ni yule wa kuvunja mfupa kwa meno huku anatucheka sisi tuliokuwa tunahangaika nao. Tangu hapo nimekuja kumwona mara mbili, mbio mbio, nikampa zawadi na kuaga. Sikumtazama vizuri hata mdomoni.

Msimamizi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinipa fomu mpya. "Jaza ya mama aliyepo," akasema. Nikakwama mstari wa pili. Sijui ana meno mangapi, wala anameza dawa gani. Nikampigia kaka, anayekaa naye nyumba moja sasa, naye akababaika. "Hayo anayajua dada," akasema.

Basi nikajaza kwa makadirio ya wazee wa umri wake. Safari hii maharagwe yalibaki kwenye chujio na maganda yake, na nyama vipande vizima, kama ulivyosema. Kile chakula laini unachomsagia, nilichokiita cha kubana matumizi, kilipita chote. Nilisimama na chujio mkononi nikaona haya mbele ya chupa. Mama alikonda kwa sababu chakula chetu kilikuwa kimemshinda, na wewe peke yako ndiye uliyeliona hilo, nami nikakupaka matope.

Nimeandika yote haya kwenye kundi lilelile. Shangazi amejibu, "Haya." Kaka yuko tayari kumrudisha mama hata kesho, lakini mama amekataa. "Nilitolewa kwa binti yangu kama mzigo," aliniambia, "sirudishwi kama mzigo. Aje mwenyewe, nijue bado ananitaka."

Sikuombi unisamehe sasa. Mimi niweke kando hata mwaka mzima, sitalalamika. Ila nenda ukamchukue. Kaka anasema tangu Jumamosi mama akiamka tu anavaa viatu, anafunga kilemba, anakaa karibu na mlango mpaka jioni.

Nisalimie shemeji, na wanao wote, hasa kitindamimba wako asiyenijua kwa sura. Shangazi nitamwandikia mwenyewe. Mungu akupe nguvu za mgongo na moyo ulio mkubwa kuliko kosa langu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
yule mliyezoea kumwita Profesa. Naomba mniache na jina nililopewa na mama.