Umetia Sahihi Veranda ya Baba Ibomolewe

Sultan Hamud,
Makueni.
9 Machi 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mutie,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini uko mzima huko Doha na kile kikohozi kimeisha. Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua, lakini kanisani anafika kwa miguu yake. Mvua bado.

Salamu nimemaliza. Sasa nikuulize: uko sawa kichwani wewe?

Alhamisi kulikuwa na mkutano wa mipango ya mji kuhusu ile safu yetu ya maduka ya zamani. Wanataka kubomoa yote wajenge gorofa: maduka chini, nyumba za kupanga juu. Mimi sikuwa na shida na hilo. Mabati yanavuja, na wateja wanapita tu barabara kuu bila hata kugeuka huku. Nilitaka kitu kimoja, veranda ibaki, kwa sababu mafundi wote tunashonea pale. Ndani ni giza.

Kwenye mchoro wao hakuna veranda. Kuna maegesho ya magari. Nikasimama mbele ya watu wote, pasta akiwepo, nikasema familia ya marehemu Muli haijakubali, na ndugu yangu hawezi kufanya jambo kama hilo bila kuniambia. Niliapa kwa ajili yako, Mutie! Yule mama wa mipango akafungua faili polepole, akanionyesha karatasi. Sahihi yako. Ya Januari. Watu wakacheka, hata Kathini ambaye cherehani yake iko karibu na yangu.

Januari hiyo tuliongea kwa simu mara ngapi? Ukaniuliza habari ya mbuzi!

Kosa ni letu pia. Baba alipofariki, mimi na Mama tulikubali ploti iandikwe jina lako peke yako, ati wewe ndiye kijana. Hakuna aliyetulazimisha. Nikikumbuka nakasirika mpaka najidunga sindano.

Kwenye karatasi hiyo nimesoma wamekuahidi nyumba moja gorofa ya tatu. Mama atapanda ngazi na goti gani? Na mimi nitashonea wapi, sebuleni kwako? Suti uliyosafiri nayo niliishonea pale veranda, nikaifumua mara mbili kwa sababu mabega hayakukaa vizuri.

Mkutano wa mwisho ni tarehe 28. Mwenye ploti anaruhusiwa kuandika kwamba anakubali tu ikiwa veranda imerudishwa kwenye mchoro. Ni sentensi moja. Iandike.

Nisalimie Mbithi na wenzako. Shangazi Katunge anakusalimu. Mungu akulinde huko, na akurudishe ukiwa na haya kidogo.

Mama pia anakusalimu. Tangu Alhamisi ananiuliza kama mambo ya veranda yaliisha vizuri, na mimi najifanya nina kazi nyingi. Mpigie wewe. Umwambie ni jina la nani liko kwenye ile karatasi.

Dada yako, akupendaye leo kwa shida,
Nthenya